Mary Bryant: hukumu ya mama, kifungo cha watoto

Machi 1786, katika mahakama ya Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, wanawake watatu walisimamishwa kizimbani kwa unyang'anyi wa barabarani. Mlalamikaji alikuwa mwanamke aliyeitwa Agnes Lakeman. Alivamiwa njiani huko Plymouth, akatishwa hadi akahofia maisha yake, akaporwa. Mashitaka yalitaja vilivyochukuliwa na bei zake: kofia ya hariri, peni 12, vitu vingine, pauni 1 na shilingi 11. Washitakiwa walikuwa Catherine Fryer, Mary Haydon na Mary Broad. Huyu wa tatu alikuwa binti wa baharia wa Fowey, bandari ndogo ya wavuvi katika Cornwall, na alibatizwa huko mwaka 1765. Wote watatu walihukumiwa kunyongwa.

Agnes Lakeman alidhulumiwa, na makala haya hayana nia ya kuufanya wizi ule uonekane mdogo. Mwanamke aliyekuwa akienda zake barabarani alipigwa na butwaa, akanyang'anywa. Ila sheria ya Uingereza ya wakati huo ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kamba, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya mali. Bunge la wenye ardhi na wafanyabiashara lilikuwa limeongeza kosa baada ya kosa karne nzima, mpaka mwizi wa kondoo na muuaji wakawa wanasubiri mti mmoja. Majaji wenyewe waliona haiwezekani kuwanyonga wote. Kwa hiyo mara nyingi adhabu ilitamkwa, kisha ikapunguzwa. Mary na wenzake walipunguziwa: miaka saba ya kupelekwa ng'ambo.

Ng'ambo ipi, hapo ndipo serikali ilipokuwa imekwama. Kwa miongo mingi wafungwa walikuwa wakisafirishwa kwenda makoloni ya Amerika, kiasi cha 50,000 katika karne ile. Waamerika walipoasi, mlango ule ukafungwa. Kuanzia mwaka 1776 wafungwa wakaanza kurundikwa katika meli kuukuu zilizotiwa nanga mitoni na bandarini, meli ambazo hazingesafiri tena. Mary aliwekwa katika mojawapo, iliyoitwa Dunkirk, pale Plymouth. Katika mwaka huohuo wa 1786 serikali ikaamua: wapelekwe Botany Bay, pwani ya mashariki ya Australia, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa serikali ile aliyekuwa ameishi.

Mapema mwaka 1787 Mary alihamishiwa meli iliyoitwa Charlotte. Tarehe 13 Mei msafara wa meli 11 uliondoka Portsmouth ukiwa na wafungwa zaidi ya 700. Wanawake kati yao walikuwa karibu 190. Amri yote ilikuwa mikononi mwa Arthur Phillip, gavana wa koloni ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Walipita Tenerife, wakavuka Atlantiki hadi Rio de Janeiro, wakageuza tena kuelekea Cape Town. Siku chache baada ya kutoka Rio, tarehe 8 Septemba, daktari John White aliandika katika shajara yake kwamba Mary Broad amejifungua mtoto wa kike.

Hesabu ya miezi inaeleza yenyewe. Mimba ile ilitungwa Disemba 1786, mama angali mfungwa ndani ya Dunkirk, amezungukwa na wanaume, wafungwa kwa walinzi. Sitasema zaidi ya hapo. Mtoto alibatizwa Cape Town, akapewa jina la meli aliyozaliwa ndani yake: Charlotte.

Huyu Charlotte ndiye anayenifanya niandike. Habari za Mary zimesimuliwa mara nyingi, vitabuni na katika filamu, na kila mara msimulizi huvutwa na ujasiri wake baharini. Ujasiri ulikuwapo, tena mkubwa. Lakini ukifuata tarehe moja baada ya nyingine utaona kwamba hukumu iliyotamkwa juu ya kichwa cha mama ilitumikiwa na watu ambao hawakuwahi kusimama kizimbani.

Msafara ulifika Januari 1788. Botany Bay ilionekana haifai, maji yake haba na udongo wake mbaya, wakasogea kaskazini kidogo hadi ghuba waliyoiita Sydney. Ilikuwa nchi ya watu wa Gadigal, na hakuna aliyewaomba ruhusa. Wanawake wafungwa waliteremshwa tarehe 6 Februari. Siku nne baadaye Mary aliolewa na William Bryant, naye mtu wa Cornwall, mvuvi, aliyehukumiwa mwaka 1784 kwa kujifanya baharia ili achukue mshahara usio wake. Naye pia alikuwa amepewa miaka saba.

Katika koloni lililojaa wezi wa mijini wasiojua kushika jembe wala kasia, mvuvi alikuwa mtu wa thamani. William alikabidhiwa mashua za uvuvi, wakapewa kibanda chao na fungu la samaki. Maisha yakawa na unafuu, ila hayakudumu. Februari 1789 William alikamatwa akiuza samaki wa serikali kwa faida yake, akachapwa viboko 100 na kutolewa katika kibanda. Kazi ya uvuvi hawakumnyang'anya, kwa kuwa hawakuwa na wa kumweka badala yake.

Kisha ikaja njaa. Mazao yalikataa, na Machi 1790 meli kubwa ya koloni, Sirius, ilivunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk. Mwezi uliofuata posho ya wiki nzima ilishushwa: unga kilo moja na ushei, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na mchele visivyofika kilo moja kila kimoja. Mfungwa na mkubwa wake walipimiwa sawa, na hilo ni la kumsifu Phillip. Ila nyama ile ilikuwa na miaka kadhaa ndani ya pipa na mchele ulikuwa ukitembea kwa wadudu. Tarehe 4 Aprili 1790, mwezi uleule wa kupunguzwa posho, Mary alimpeleka kubatizwa mtoto wake wa pili, Emanuel. Mwezi wa Juni msafara mwingine ukafika. Wafungwa walioupanda walikuwa karibu 1,000. Robo yao walikuwa wamekufa njiani, na waliobaki wengi walishushwa wakibebwa.

Mama mwenye mtoto wa miaka miwili na mwingine kifuani aliyaona hayo yote pale gatini.

Mpango wa kutoroka ulipikwa polepole. Disemba 1790 iliingia merikebu ya Kiholanzi, Waaksamheyd, iliyokodiwa Batavia ilete chakula. Nahodha wake, Detmer Smit, hakuwa na mapenzi na maofisa wa Kiingereza, na William akamwendea. Kwake alipata dira, kwadranti ya kupimia jua, ramani ya bahari, bunduki na risasi. Familia ilianza kuficha chakula chini ya sakafu ya kibanda walichokuwa wakiishi wakati huo. Kifungo cha William kilikuwa kikiisha mwezi wa Machi 1791, lakini gavana hakutaka mwanamume aondoke akiacha mke na watoto walishwe na ghala la serikali. Mary alikuwa amebakiza miaka miwili.

Usiku wa Machi 28, Waaksamheyd ilikuwa imekwisha kung'oa nanga, na meli pekee nyingine, Supply, ilikuwa safarini Norfolk. Hapakuwa na chombo cha kumfukuza mtu. Watu 11 walishuka ufukweni gizani na kuingia katika mashua ya gavana mwenyewe, ya makasia sita: Mary, William, wanaume wengine saba, Charlotte wa miaka mitatu na nusu, na Emanuel wa mwaka mmoja hivi. William Morton ndiye aliyejua kuongoza chombo kwa nyota na jua. Walikuwa na unga kilo 45 hivi, mchele kama huo, nyama kilo sita na maji lita 36.

Tunachokijua kuhusu safari yenyewe kinatoka zaidi kwa mmoja wa wale wanaume, James Martin, aliyesimulia kwa maandishi, na karatasi zake zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha London kiitwacho UCL. Martin haandiki kwa madoido. Siku ya pili, anasema, waliteremka mahali wakaokota makaa ya mawe yanayowaka vizuri. Mashua ilianza kuvuja. Wakaivuta pwani, wakaitia kalafati kwa nta na ulimbo, na vilipokwisha wakatumia sabuni. Mahali pengine wenyeji waliwapokea kwa amani, pengine waliwafukuza, nao wakafyatua bunduki ili wapate nafasi ya kuteka maji. Kwa mwenyeji wa pwani ile, mashua yenye watu weupe wenye bunduki haikuwa na dalili ya heri, hata kama waliomo walikuwa wakimbizi.

Wiki kadhaa pepo kali ziliwatupa nje, mbali na nchi kavu. Mawimbi yaliingia ndani, ikawa mtu akiacha kukumba maji chombo kinazama. Hawakuweza kuwasha moto. Martin anawakumbuka mama na wale watoto wawili kwa huruma, kwa jinsi walivyolowa na kuganda kwa baridi bila kitu cha kuwafunika. Huyu mama alikuwa akinyonyesha, anakula mchele mbichi, na zamu ya kukumba maji inamhusu kama inavyowahusu wanaume. Nani asiye mzazi anayeweza kuyajua masaa ya namna hiyo?

Waliokolewa na kasa. Walipofika ndani ya matumbawe makubwa ya kaskazini walipata visiwa vidogo visivyo na watu, wakawakamata kasa waliopanda kutaga, wakala wakashiba, na nyama iliyobaki wakaikausha kwa moto ili iwe akiba. Wakapita mlangobahari wa Torres. Katika ghuba ya Carpentaria walifukuzwa na mitumbwi mikubwa yenye matanga na wanaume wengi, wakawa hawana budi kukata bahari wazi moja kwa moja, siku nne usiku na mchana, maji ya kunywa yakiwa karibu kwisha. Tarehe 5 Juni 1791 waliingia Kupang, bandari ya Waholanzi katika kisiwa cha Timor. Ilikuwa siku ya 69, na nyuma yao walikuwa wameacha zaidi ya kilomita 5,000 za bahari. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Watoto wote wawili walishuka wakiwa hai.

Wanaosifu safari hii humtaja zaidi William Bryant kwa ubaharia wake, na Morton kwa uongozaji. Haki yao. Hata hivyo, katika mashua ile kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa kuwaweka hai watoto wawili wadogo kwa wiki kumi, na kazi hiyo ilikuwa na mtu mmoja.

Waholanzi waliambiwa kwamba hawa ni abiria walionusurika merikebu yao ilipozama. Habari hiyo haikuwa ngeni Kupang: miaka miwili tu kabla yake, nahodha William Bligh alifika palepale na mashua, baada ya mabaharia wa meli yake, Bounty, kumwasi. Gavana Timotheus Wanjon aliwapa nguo na chakula, akaandika deni kwa serikali ya Uingereza. Wanaume wakapata kazi. Kwa miezi miwili familia ya Bryant iliishi kama watu wengine wanavyoishi.

Jinsi siri ilivyotoka, Martin anamlaumu William: aligombana na mkewe, akaenda kujishitaki mwenyewe, mkewe, watoto na wote. Liwe hilo au lingine, Septemba aliwasili mtu mbaya kuliko wote waliowezekana. Nahodha Edward Edwards alikuwa ametumwa na jeshi la wanamaji kuwasaka waasi wa Bounty. Merikebu yake, Pandora, ilikuwa imevunjika kwenye matumbawe yaleyale, naye akafika Kupang kwa mashua akiwa na mahabusu wake. Akawachukua na akina Bryant, akawatia minyororo wote, na kuwasafirisha hadi Batavia, mji ambao leo ni Jakarta.

Batavia ilijulikana na kila baharia wa zama zile kwa homa zake. Mifereji ya mji ilituama, mbu walijaa, na wageni walikufa kama nzi. Emanuel alikufa tarehe 1 Disemba 1791 akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Wiki tatu baadaye, tarehe 22, baba yake akamfuata. Kati ya wanaume wengine saba, watatu walipotea kabla ya kufika Cape Town: wawili kwa maradhi, na James Cox katika mlangobahari wa Sunda.

Huko Cape Town Mary na Charlotte walihamishiwa merikebu ya kivita Gorgon, iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani askari wanamaji waliomaliza zamu yao Sydney. Kwa hiyo Mary alijikuta miongoni mwa watu waliomjua. Mmoja wao, kapteni Watkin Tench, alikuwa amesafiri naye kwenda Australia katika meli ileile ya Charlotte mwaka 1787, na alikuwapo mtoto alipozaliwa. Tench aliandika baadaye kwa heshima juu ya watoro hawa na juu ya uvumilivu wao. Ofisa mwingine, Ralph Clark, aliandika katika shajara yake juu ya joto la ukanda wa ikweta na watoto wa askari waliokuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa Mei 1792 akaongeza kwamba usiku ule amekufa mtoto wa yule mfungwa. Charlotte akazikwa baharini.

Juni gereza la Newgate, London, lilimpokea Mary Bryant, mjane asiye na mtoto. Tarehe 7 Julai alifikishwa Old Bailey pamoja na wanaume wanne waliobaki. Sheria iliruhusu mfungwa aliyetoroka uhamishoni anyongwe. Mahakama iliamua warudi gerezani wakaendelee na hukumu zao za zamani. Magazeti yalikuwa yamekwisha kusambaza habari yao, na watu wa London walichanga pesa kwa ajili ya Mary.

Kati ya waliosoma alikuwamo James Boswell, mwanasheria na mwandishi Mskoti, aliyepata umaarufu mwaka uliotangulia kwa kitabu chake cha maisha ya Samuel Johnson. Boswell alikuwa mlevi na mpenda wanawake, na wapo waliomsengenya kwamba hakumsaidia Mary bure. Kumbukumbu zake mwenyewe zinaonyesha mtu aliyehangaika: alimwandikia waziri Henry Dundas, akamkumbusha, akamfuata tena. Tarehe 2 Mei 1793 Mary alipata msamaha kamili. Wanaume waliachiwa Novemba, naye Boswell aliwapigania na hao.

Sasa tupige hesabu. Miaka saba kutoka Machi 1786 ilitimia Machi 1793. Msamaha wa mfalme ulitolewa mwezi wa Mei. Mary Bryant hakusamehewa hata siku moja. Alimaliza kifungo chake chote na akaongezewa wiki sita.

Boswell alimpangia chumba London na kumtafutia jamaa zake. Dada yake aliyekuwa akifanya kazi ya upishi mjini humo alifika kumwona. Mary aliogopa kurudi Fowey, akidhani nduguze hawatamtendea wema. Boswell akamwahidi pauni 10 kila mwaka ili asiwe mzigo kwa mtu. Oktoba 1793 akamsindikiza hadi chomboni. Kabla ya kuagana Mary alimpa majani makavu ya mmea unaotambaa, ambao wafungwa wa Sydney waliuchemsha kama chai. Alikuwa amevuka nayo dunia nzima. Baadhi yapo leo katika maktaba ya Sydney, mengine Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Boswell alikufa Mei 1795 na familia yake haikuendelea kulipa ile pauni 10. Kuanzia hapo jina la Mary Bryant halionekani tena kwa uhakika katika daftari lolote. Alikuwa na miaka 30. Makarani walikuwa wameandika kila hatua yake kwa muda aliokuwa mali ya serikali. Alipokuwa mtu huru wakafunga vitabu.

Historia imemlipa fidia ya aina yake kwa kumfanya shujaa wa bahari. Wanawe hawakupata hata hiyo. Emanuel alikufa mahabusu kabla hajatimiza miaka miwili. Charlotte aliishi miaka minne na miezi minane, hakuna mahakama iliyowahi kumshitaki kwa lolote, na katika umri wake wote alikuwa nje ya mkono wa serikali ya Uingereza kwa siku 69 ndani ya mashua na ile miezi michache ya Kupang. Siku zilizobaki zote alizitumikia kifungo, kwa kofia ya hariri ya peni 12 iliyoibwa kabla hajazaliwa.